Pini Tano

Ijumaa, kibandani kwangu, njia ya Pasua,
ndugu wa marehemu wamekaa kwenye benchi,
flashi mkononi kama tiketi.
Kompyuta yangu hufungua picha kuanzia juu:
kwanza nywele,
halafu paji la uso,
halafu inasimama.
Tunangoja macho.

Miaka tisa nachapa ratiba za mazishi,
kadi za kipaimara, risala za kuwaaga walimu,
kwa mashine niliyoipata kwenye mnada wa chuo,
ubavuni bado namba ya rangi nyeupe: CH/114.
Kori mbili. Imechoka kwa haki.

"Usinunue nyingine," alisema Elinami fundi,
akafungua bati, akapuliza vumbi mpaka akapiga chafya.
"Mwili mzima huu. Tuupe kichwa kingine."

Rahisi kusema.

Arusha, jirani na Soko Kuu,
kijana mwenye saa mbili mkono mmoja
alinitandikia prosesa juu ya kitambaa cheusi
kama anayeuza tanzanaiti.
"Hii moto, mama. Laki na nusu, kwa sababu ni wewe."
Nikatoa karatasi ya Elinami:
soketi elfu moja mia moja hamsini na tano.
Yake: elfu moja mia moja hamsini.
"Tofauti pini tano tu, mama. Tano ni nini?"

Tano ni nini.
Shangazi Aikande alivunja posa nzima
kwa jina moja la babu.

Nikaigeuza kwenye mwanga.
Pengo la pembeni, lile la kuongoza vidole,
limehama upana wa punje ya ulezi.
Ukilazimisha, pini zinalala
kama mahindi baada ya mvua ya mawe,
na hakuna wa kuziinua.

Nikarudi Moshi mikono mitupu.

Kiboriloni, kwenye mashine iliyokufa,
Elinami alipata mbili za soketi yetu, kori nne zote.
Moja ina mbio, inakula wati tisini na tano.
Ya pili sitini na tano, na mwendo pungufu.
Akaligonga boksi la umeme kwa kucha:
"Hili ni dogo, na lina umri wa mwanangu wa sekondari."
Tukachukua yenye kula kidogo.
Elfu hamsini, na mkungu wa mchare juu yake.

Hata hiyo, mazabodi haikulijua jina lake.
Ilibidi ifundishwe kwanza, ikiwa bado na kichwa cha zamani,
na somo likiendelea umeme usikatike.
Umeme! Moshi! Novemba!
Tukangoja saa nane usiku,
tukaazima betri ya duka la dawa.
Mstari wa bluu ulitambaa, ukasita, ukatambaa.
Elinami hakupepesa.
Mimi nilishika waya wa ukutani
kana kwamba mkono wangu ungeizuia laini nzima
kutoka Nyumba ya Mungu.

Asubuhi: greisi, tone la ukubwa wa choroko.
Feni ikaguna, ikatulia.

Ijumaa ikaja, na wana wa mzee Ndekirwa.
Nikabofya.
Picha ikatokea yote kwa mpigo:
nywele, macho, tai iliyopinda, kicheko.
Binti yake ndiyo kwanza alikuwa anaanza,
"Baba, unajua, alikuwa..."
akamwona, akanyamaza.

Miaka tisa, tukingoja macho,
nimesimuliwa madeni ya ng'ombe,
nani alimfundisha nani baiskeli,
mke wa kwanza ambaye hatajwi kwenye ratiba.
Sikuwahi kuuliza. Ile mashine iliniulizia.

Sasa kasa inameta, kazi imekwisha,
na binti anafungua pochi atafute pesa.

"Subiri kidogo," nikamwambia,
"printa inapasha moto."

Printa ilikuwa na moto tangu saa mbili.
Akakaa.
"Alikuwa," akasema.