Siku Mbili za Mebrure

Mebrure amefunika meza ya jikoni kwa ramani.
Kona moja ameigandamiza kwa bakuli la zeituni,
kona ya pili kwa kiwiko changu.
"Usisogee," ananiambia. "Umeshika Bursa."

Basi nimeshika Bursa.
Penseli yake inatoka Eskişehir, inaelekea magharibi,
taratibu, kama mtu avukaye barabara na trei ya mayai.
Jumamosi, saa moja asubuhi, basi.
Saa nne na nusu, Mudanya.
Adhuhuri, Tirilye,
penye mlango wa bluu ambao Feraye aliubamiza
mwishoni mwa sehemu ya kumi na mbili,
tukakaa wiki nzima hatujui nani kabaki ndani.

Ana daftari. Usiniulize tangu lini.
Kila Jumanne nilidhani anaandika bei ya vitunguu,
kumbe anachora nguzo za taa,
anahesabu vidato vya ngazi,
ananakili herufi tatu za kibao cha duka la samaki
zilizoonekana nyuma ya bega la mtu akilia.
Kwa herufi hizo tatu ameupata mtaa.
Polisi wangemwajiri, ningepumzika.

Kisha Alpay wa ghorofa ya chini,
aliyewahi kubeba nyaya za taa kwa wapiga picha,
alikuja kuazima bisibisi, akaiona ramani, akacheka:
"Mlango ni wa Tirilye, mama,
lakini ua ulio nyuma ya mlango uko Gölyazı.
Na ile bahari ya dirishani? Ziwa.
Chumba chenyewe ni mbao tupu,
kilijengwa ghalani Istanbul, kikavunjwa."

Nilimtazama Mebrure.
Nilikwisha kunyoosha mkono nimshike.
Yeye akalamba ncha ya penseli:
"Hilo ziwa, linafikika kwa basi?"

Kwa hiyo safari yetu sasa iko hivi:
mlango tutaufungua Jumamosi,
ndani tutaingia Jumapili.
Katikati tutalala kwa Bi Zekiye, mjane,
mwenye vyumba viwili na ulimi mmoja mkali,
ambaye kwenye simu amekataa katakata kusema
kama wale waigizaji walimlipa.
Binti yetu anasema, kaeni basi hata wiki.
Mebrure hataki. Mgeni ni siku mbili;
ya tatu Bi Zekiye atatukabidhi jembe,
na mizeituni ya kule, nasikia, haina mwisho.

Tulianza kuitazama ule msimu wa baridi
kitanda kilipohamishiwa sebuleni,
daktari akipima maneno kama mfamasia apimavyo unga.
Sikumsikia Mebrure akiomba miaka.
Aliomba sehemu ijayo.
"Nijue tu kama Feraye atarudi."
Feraye alirudi. Akaondoka.
Akarudi tena, safari hii na pacha
ambaye hakuna aliyewahi kumtaja,
nami, nisiyevumilia upuuzi hata wa redio,
nilimshukuru mwandishi kwa yule pacha.

Nimenunua tikiti. Nimenunua chupa ya chai.
Paka tumemkabidhi Perihan, ambaye hampendi.
Nimeuliza mara moja, kwa sauti ya kawaida,
kama ngazi za Tirilye ni za lazima.
Sikujibiwa.

Usiku huu nimeamka, upande wake umepoa.
Taa ya korido inawaka.
Amevaa gauni la kulalia na viatu vipya,
anatembea toka friji hadi mlangoni, mlangoni hadi friji,
kiganja ukutani, midomo ikihesabu.
"Ni vidato sabini na viwili," namwambia. "Umefika wapi?"
"Arobaini." Anasubiri pumzi imrudie.
"Lakini pale kwenye arobaini kuna ukuta mfupi, wa kukalia.
Nimeuona. Sehemu ya tisa."