Miguu ya Malsun

Miaka thelathini na minane, wima,
akizisokota kwa roli nywele za akina mama wa Daegu,
soksi nene hata Agosti.

Leo amelala chali. Pete ya CT
inammeza hadi kiunoni, inamtema.
"Usipumue," sauti inaamuru. Anatii,
yeye aliyezoea kuamuru vichwa: inama, geuka.

Kwenye skrini daktari anazungusha miguu
isiyo na ngozi, isiyo na haya:
mishipa imejisokota
kama nywele zilizovuliwa roli
kabla ya kuchanwa.

"Hapa vali imechoka. Damu inateremka,
hairudi."

Malsun anaisogelea picha,
kidole kinafuata mkunjo hadi gotini.
"Huu ni wa mimba ya Gyeong-ho.
Huo mwingine, sijui.
Labda kodi ya duka."