Choo Kiende Wapi

Nilianza na lango.
Kila mchoraji huanza na lango, nadhani,
kama mtoto anavyoanza nyumba kwa mlango.
Tao la chokaa, mabawa mawili ya mbao,
nakshi nilizoziiba kwa simu
huko Mkomani, kabla ya adhuhuri.

Kisha njia: mstari mweusi
kutoka Shela hadi mgongo wa tuta la tatu,
maana pale macho hukunjuka upande wa Kipungani
na wageni watataka picha.

Kamati ilikaa barazani. Walisifu nakshi.
Mmoja aliuliza kiingilio,
mwingine, jina lake litaandikwa ubao upi.
Mwanakombo Lali, aliyerithi visima vinne
na kamba moja, alinyamaza
mpaka kahawa ikaisha.

"Na choo?"

Tukacheka. Yeye hakucheka.
Aliweka kidole juu ya kijisanduku changu cha buluu.
"Hapa? Mtanga huu ndio mtungi wetu.
Mvua hushuka ndani yake polepole, miaka,
ikifika kwangu imekuwa mai.
Mgeni wako akikojoa hapa Rajabu hii,
mjukuu wangu atakuya kumnywa."

Nikarudi chumbani na raba.
Nikashusha choo hadi chini, nje kabisa ya matuta.
Choo kikavuta mkahawa.
Mkahawa ukavuta kibanda cha tiketi na zizi la punda,
zizi likavuta lango,
na njia, ilipokosa pa kuanzia,
ikabidi izunguke kandokando
isikanyage makaburi yasiyo na mawe
ambayo Famau alinionyesha kwa kutembea tu,
akirefusha hatua hapa, na hapa,
na hapa, mara mbili, fupi, ya mtoto.

Sasa ramani yangu ina doa jeupe katikati,
kubwa kuliko vyote nilivyochora.
Mfadhili ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu:
Hapa pana nini?
Nimejibu: Maji. Na watu wamelala.
Ameandika tena: Wageni wataona nini?

Sijamjibu. Nimechora benchi mwisho wa njia,
kivuli cha makuti, mtungi, kata ya kifuu.
Atakayefika na kiu atakuwa ameshaingia
ndani zaidi kuliko miguu yake.

Zimebaki nakshi.
Lango jipya ni dogo, haliwezi kuzibeba.
Mwanakombo anasema nisizitupe:
nizichonge kwenye mlango wa choo.
Safari hii amecheka yeye.