Wafugaji wa Waridi

Ruharo, Mbarara, umande bado mbichi.
Nimeliinamia waridi alilopanda Kengoma
kabla hajahamia Kabale na sufuria zetu zote.

Chini ya tumba vidukari wamebanana,
wanono, kijani, wananyonya kimyakimya.
Sisimizi wanapanda, wanashuka,
wanawapapasa migongo, wanawakamua utamu.

Mimi mtoto wa zizini
wafugaji wenzangu nawajua nikiwaona.

Chupa ninayo:
maji ya sabuni ya mche, pilipili, majivu ya jana.
Barugahare anachungulia juu ya michongoma:
“Puliza, bwana! Au unawaamkia?”

Baba hakuhesabu ng'ombe.
Aliwaita kwa majina,
hata mwaka ule wa ukame,
hata waliokwisha kufa.

Napuliza. Povu linachuruzika hadi miibani.

Tawi moja tu, la ukutani,
nimelisahau
kwa makusudi.