Kwa Hatua za Baba

Ramani yenyewe ni mgongo wa stakabadhi ya forodha,
imekunjwa mara nne, mikunjo imeshakuwa matundu.
Baba hakuandika jina la mtaa hata moja.
Aliandika hatua.
*Toka Stesheni, bahari iwe kulia. Mia nne na kumi.
Ukuta wa matumbawe. Simama. Gusa.*

Ni Jumapili, saa moja kasoro.
Nimevaa raba za kuazima kwa binti yangu.
Sina mtembeza wageni. Nina karatasi, chupa ya maji,
na goti la kushoto lenye maoni yake.

Nahesabu. Mia nne na kumi zinaniishia
mbele ya duka la vipuri lililofungwa makufuli matatu.
Boma la Kale liko kule mbele, linanitazama tu.
Nilisahau: baba alikuwa mrefu,
alitembea kama mtu anayewahi meli,
nami nilirithi miguu ya upande wa mama.

Narudi Stesheni. Naanza moja.
Kila kumi zake naongeza tatu zangu,
na hesabu inakubali, ukuta unafika ulipoahidiwa.
Nagusa.
Jiwe bado lina baridi ya usiku,
vijitundu tele, kama mkate wa kumimina.
Liliwahi kuwa hai, chini ya maji. Likatolewa,
likakatwa, likaambiwa: beba ghorofa.
Halijatua mpaka leo.

*Mia tatu. Kengele.*
Misa ya kwanza inatoka pale kwa Mtakatifu Yosefu,
mama mmoja wa kitenge kilichopigwa pasi hadi kinang'aa
ananiuliza, "Umepotea?"
"Nahesabu," nasema.
Anaitikia kwa kichwa, kana kwamba hilo ni jibu.

Posta ya Zamani hakuna hatua. Kuna sentensi:
*Hapa nilimtumia mama yako barua tisa. Alijibu mbili.*
Baba, mchoyo wa maneno, aliyeweza kula mlo mzima
bila kuomba hata chumvi!
Naisoma mara tatu, nimesimama katikati ya njia,
wapita njia wananigawanyikia kama maji.

Halafu Azania, vigae vyekundu, saa ya mnarani.
Na la mwisho: *Pembe ya kanisa, mia sita. Benchi, chini ya mkungu.*
Mia sita, na nyongeza zangu mia na themanini,
zinanifikisha kwenye zege tupu.
Basi la mwendokasi linapita, la buluu, halina mtu.

"Mama, hapa haparuhusiwi kusimama."
Kibao cha kifuani kinasema NDIMBO.
Namwonyesha karatasi, kwa kukosa la kusema.
Anaisoma taratibu, midomo ikicheza,
anageuka kulia, anageuka kushoto,
analaza kirungu chake kwenye kiti.
"Wacha nihesabu mimi."

Ni mrefu, huyu kijana. Sikuwa nimeona.
Anarudi hadi pembe ya kanisa, anakuja kwa sauti,
mia mbili na moja, mia mbili na mbili,
buti zinagonga, nami nakazana nyuma yake,
ananipita pale niliposimama, anaendelea,
kwani goti langu lilikuwa likinipunja tangu Posta
wala sikulijua.

"Mia sita," anasema.
Benchi hakuna. Mkungu hakuna.
Ila vitofali vya njia vimeinuka hapo, vimepinda,
kitu chini yake kilivisukuma miaka mingi
kabla hakijakatwa.
Ndimbo anavikanyaga kwa ncha ya buti. Vinacheza.
"Si ndiyo hapa?" ananiuliza mimi, kama mwenyeji.

Naketi palepale, ukingoni, miguu barabarani.
Haniambii lolote kuhusu kukaa.
Pantoni inapiga honi upande wa Feri.
Naomba kalamu yake. Chini ya mia sita ya baba
naandika: *mia nane na ushee, goti likiwa bovu.*
Kisha navua raba moja, inabana.
Za binti yangu sijui zitakuwa ngapi.