Meza ya Miguu, Bovec

Saa tisa usiku, ukumbi wa zimamoto.
Mvua inashuka toka Kanin tangu jana
na wakimbiaji wanaingia mmoja mmoja,
hawana majina, wana namba na miguu.

Mimi sitazami nyuso. Vua soksi, nasema,
taratibu, usivute: ngozi ikishalowa
huachana na mwenyewe bila kuaga.

Mwalimu wa hesabu kutoka Kranj
ana kucha mbili nyeusi, na anajivunia.
Ya kushoto ni ya mteremko wa mwaka jana,
ya kulia bado changa, ina wiki tatu.
Msichana wa Udine amebana vidole:
kati ya cha nne na cha mwisho kuna fangasi,
weupe uliochanika, harufu ya jibini.
Ameona haya kuliko aliyekutwa bafuni.
Huo ni unyevu, binti, si dhambi.
Kausha. Badili soksi. Usiazime taulo.
Mzee Drago, visigino vina nyufa
ambamo sarafu ingesimama wima.
Na sugu. Sugu siigusi.
Akiba haiozi.

Kwa lengelenge kuna sindano, uzi, iodini.
Natoboa ubavuni, uzi naupitisha, nauacha humo,
maji yaufuate yatoke yenyewe.
Paa la ngozi nalibakiza. Ukilibandua
unakuta nyama ambayo haijawahi kujua kiatu.

Saa kumi na robo, mguu ukawekwa gotini pangu.
Sikuuliza namba.
Kidole cha pili na cha tatu vimeungana hadi nusu
kwa utando, kama vyangu, kama vya baba.
Ndani ya soksi zangu za sufu
nikasikia vyangu vikijikunja.

Miaka sita. Sahihi yake, kalamu ya wakala,
ng'ombe wakapakiwa lori asubuhi
na mimi nikaambiwa jioni, kwa simu.
Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime.
Sawa. Ukalime wapi,
shamba likiwa ndilo lililouzwa?

Lengelenge lake lilikuwa katikati ya wayo,
la damu, jeusi, limeiva kama plamu.
La damu halitobolewi.
Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo ninavyofundisha.

"Zorka," akasema.
Sikuinua kichwa. Nikakata sponji,
nikaitoboa tundu la kulizunguka lile jeusi
uzito upite kandokando.
Nikampaka mafuta ya mgando kidole kwa kidole,
hata pale penye utando, ambapo mama
alipafuta mwisho, kwa ncha ya kanga ya jikoni,
akituhesabu: tisa, tisa na nusu.

"Viatu vinakubana," nikasema.
"Miguu huvimba njiani. Ulijua hilo, Tilen."
"Nilijua."

Soksi zake zilikuwa matambara.
Nikavua zangu, nikampa.
Akazivaa bila kuuliza ni za nani.

Zilibaki kilomita ishirini na nane.
Akasimama, akaujaribu mguu kama mtu
anayejaribu barafu ya ziwa,
akachechemea hadi mlangoni, akasita hapo,
akatoka.

Nikabaki na beseni la maji ya kijivu,
peku juu ya saruji ya wazima moto,
baridi ikinipanda toka nyayoni.

Anayefuata, nikaita.
Keti. Vua soksi. Taratibu.