Kaunta ya Nne

Serikali imeliandika jengo hili katika daftari lake:
Rennick na Wanawe, wauza nguo, mtaa wa Albert,
mji wa Wirrabel, Queensland. Ghorofa mbili.
Mwaka elfu moja mia nane themanini na nane.
Mchoraji ramani, Alban Strutt, aliyekufa akidaiwa.
(Hilo la deni daftari halina. Aliniambia baba.)

Mimi ni mpiga lipu. Jengo nalijua kwa ukucha.
Usoni ni jiwe; lakini gonga, sikiliza:
tofali, na juu yake chokaa iliyochanjwa mistari
ili mpita njia adhani patasi ilitoka jasho.
Nguzo sita zimetuna vifua,
mitungi ya maua ukingoni mwa paa,
na kipajini herufi za RENNICK, N moja imedondoka.
Zunguka uani sasa: mbao na mabati tu,
kama mtu aliyevaa koti la harusi
na miguuni ndala.

Mto umeliingia mara tatu.
Kwenye nguzo ya chuma mlangoni kuna alama:
goti, kiuno, na ile inayonifika kidevuni.
Maji yakishuka, walianika vitambaa barabarani,
wakauza kwa nusu bei, na mji mzima
mwaka ule ukavaa rangi ya matope.

Hela zilipita juu, chini ya dari.
Reli nyembamba za mbao, zimeinama kidogo tu,
toka kila kaunta hadi kibanda cha mshika fedha.
Muuzaji alitia noti ndani ya tufe, akalipandisha kwa kamba,
nalo likajiendea, gururu, gururu,
juu ya kofia za wateja.
Kila kaunta na tufe la ukubwa wake
ili chenji ikirudi isiangukie kwa jirani.
Watoto walijazana kutazama, wasinunue hata sindano.

Kibandani alikaa bibi yangu, Thelma Kirchner,
miaka kumi na tisa, penseli sikioni.
Jumamosi moja ya mwaka wa ishirini na sita
mteja wa kaunta ya nne alingoja chenji hadi akaletewa kiti.
Shilingi moja na peni nne. Haikufika.
Rennick mdogo hakupaza sauti.
Alimwonyesha tu kofia yake ilipotundikwa.
Bibi aliishi miaka hamsini na saba baada ya hapo,
na ukimuuliza lolote, chumvi, barua, salamu za shangazi,
jibu lake moja: "Niliituma."

Jumanne nilikuwa nabandua dari iliyovimba.
Bi. Imogen Trask wa idara yuko chini na kamera,
ananikanya nisiliguse lile ua la katikati, ni la asili.
Nyuma ya boriti, reli inapokata kona,
mkono ukashika kitu cha mviringo.
Nilidhani kiota.
Tufe. Limechomwa namba 4 kwa moto.
Liliruka reli likajibanza humo
karibu miaka mia.

Nikalifungua papo hapo ngazini.
Risiti: melmeli nyeupe, yadi nne na nusu,
haina jina, ina mwandiko tu,
ule unaolala kushoto kama nyasi za kando ya reli,
uliokuwa kwenye kadi zangu zote za kuzaliwa.
Na hela. Nikahesabu. Nikahesabu tena.
Nikapukuta vumbi kiganjani, nikachungulia boriti.
Shilingi moja. Na peni tatu.

Bi. Trask akauliza nimepata nini.
Nikampa tufe. Alifurahi, akalipiga picha pande zote,
akaandika: mbao, hali nzuri, kaunta ya nne.
Nikamwomba aandike na jina la aliyelituma.
Akauliza kama nina hati yoyote.
Sarafu zilikuwa zimeshaingia mfukoni mwangu, sijui lini.

Bado niko ngazini. Chokaa inakauka ndooni.
Bibi, nakuamini. Uliituma.
Lakini hebu ninong'oneze, hapa tuko wawili na boriti:
ile peni moja?